Apareyi ya pili ao zumu ndefu?

Siku ya posho moja, muda wa saa 8 za mchana, nilikuwa mbele ya maharusi wawili ndani ya kanisa letu hapa Bangboka, si mbali na barabara inayopeleka watu uwanja wa ndege. Nilikuwa nimekwisha kumuuliza bwana arusi, naye amejibu. Nikageukia bibi arusi. Ndipo nikasikia mpiga foto wetu, kijana wa kwaya, anasema kwa sauti ya chini: "Hapana, hapana, hapana."

Apareyi yake ilikuwa imekufa. Haikuwa batri, maana aliibadilisha mara mbili tukimngoja. Kile kioo cha ndani kilipanda na kubaki juu, na skrini ikaonyesha neno la kosa tu.

Tuliendelea. Arusi haingoji apareyi. Watu walitoa simu zao na kila mmoja akapiga alivyoweza. Lakini ninyi mnajua mwanga wa makanisa yetu: madirisha madogo, umeme hakuna, na siku ile mbingu ilikuwa imefunga kwa mvua. Kati ya foto zote za simu, moja tu inaonyesha baba wa bibi arusi. Mzee alikuwa mgonjwa sana. Walimleta kwa kiti, akasimama dakika moja tu, mkono juu ya bega la binti yake, kisha akakaa tena. Katika foto ile uso wake unaonekana kama umefunikwa na moshi. Majuma matatu nyuma ya arusi tulimzika. Foto iliyobebwa mbele ya sanduku ilikuwa ile ya kadi yake ya uchaguzi, waliyoikuza mpaka uso ukawa madoadoa.

Kijana alirudisha pesa za familia zote, hata zile za moto ya kumleta. Apareyi ikapelekwa mjini kwa fundi, ikapona, lakini yeye mwenyewe hakuiamini tena. Akatumika miezi 7: foto za pasipoti, foto za wanafunzi wanaomaliza, foto za watoto wanaobarikiwa. Siku moja akaingia kwangu na bahasha. Ndani mulikuwa dola 380.

"Baba Pasta, naomba shauri. Ninunue apareyi ya pili, ao nikamate zumu ndefu, ile ya 70-300? Wenzangu wote wa mjini wananiambia zumu."

Nilistaajabu kidogo. Nyuma ya yale tuliyoyaona, bado zumu? Lakini sikumjibu mbio. Nilipokuwa kwenye shule ya Biblia nilipewa kazi ya kupiga foto za gazeti la shule, kwa apareyi ya filimu yenye pozi 36, na ninajua tamaa ile. Kila mpiga foto anatamani kile ambacho jicho lake haliwezi kufikia. Na tena, wapenzi wasomaji, tusijifiche: mtu mwenye kubeba zumu ndefu, watu wanampisha njia. Wanasema, huyu ndiye mpiga foto kweli. Apareyi ya pili inayolala ndani ya mfuko hakuna mtu anaisifu.

Basi tulikaa chini ya mwembe, tukachukua kalamu na kadasi, tukahesabu. Ninaandika hesabu zetu hapa, kwa kuwa vijana wengi wa Kolwezi, wa Likasi, wa Durba na kwingine wamekwisha kuniuliza swali hilo hilo.

Wagenya mbele ya macho

Kwanza zumu inafanya nini? Tuchukue mfano wa Wagenya, kwa sababu kijana alianza nao. Kila mtu anayefika Kisangani anataka kuona wavuvi wale kwenye maporomoko, wanavyosimama juu ya miti iliyochomekwa kati ya mawe na kutia vikapu vyao vikubwa katika maji makali. Tuseme mvuvi yuko mita 50 toka ukingo. Apareyi ya kawaida ya vijana wetu ina ile lenzi ndogo ya 18-55 iliyouzwa pamoja nayo. Ukiizungusha mpaka 55, apareyi inakamata kimo cha mita 14 hivi pale alipo mvuvi. Mvuvi mwenyewe ana mita 1 na nusu na kidogo. Ni kusema, ndani ya foto anakuwa sehemu moja tu kati ya nane. Nyingine zote ni maji na mbingu. Ukitia 300, apareyi inakamata mita 2 na nusu hivi. Sasa mvuvi amejaza foto, unaona mikono yake, unaona kamba, unaona samaki kama yuko.

Hapo kijana akacheka. "Baba Pasta umeona!" Nikasema ndiyo, nimeona, andika.

Na si Wagenya tu. Mpira kwenye uwanja wa Lumumba: bila lenzi ndefu wachezaji ni kama mchwa. Ndege wa porini, nyani, mamba: vile vile. Wale wanaopiga foto za wanyama, lenzi ndefu kwao ni jembe la mkulima. Kama kazi yako ni hiyo, funga gazeti hili na kununua zumu, sitakugombeza.

Lakini kazi ya kijana wetu ilikuwa gani? Nilimwomba anihesabie foto zilizomlipa katika miezi ile 7. Arusi, matanga, ubarikio, pasipoti, diploma. Wagenya walimlipa mara ngapi? Hakuna. Mpira? Mara moja, nao walimpa soda. Sisemi pesa ni yote. Ninasema tu kwamba mtu anaweza kununua chombo kwa ajili ya kazi anayoiota, na kusahau ile inayomlisha.

Ndani ya kanisa ni giza

Jambo la pili, na hapa vijana wengi wanakosea. Wanafikiri zumu itawasaidia kanisani: watakaa nyuma kabisa na kumvuta pasta kwenye mimbara bila kutembea mbele ya watu. Ni neno la adabu, ninalipenda. Lakini zumu za bei ndogo, ukizivuta mpaka mwisho, tundu lao la mwanga linafika 5.6 tu. Kuna lenzi nyingine ndogo, fupi, ya milimita 50, isiyo na zumu hata kidogo, ambayo tundu lake linafika 1.8. Tofauti ya hizo mbili si mchezo: ile ndogo inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi.

Tena lenzi ndefu inakuza kila kitu, hata mtetemeko wa mikono. Kanuni ya wazee wa foto inasema ukishika lenzi ya 300, pazia lifunguke kwa muda usiopita sehemu moja ya 300 ya sekunde. Kwa apareyi hizi ndogo za leo, afadhali hata sehemu moja ya 400 ao 500. Kanisani kwetu, siku ya mvua, hata ukipandisha ISO mpaka 3200, mwanga utakuomba sehemu moja ya 60, pengine ya 30. Hapo pasta wako atatoka kama mtu anayekimbia. Lenzi zingine zina kitu cha kutuliza mtetemeko, ni kweli, lakini kinatuliza mikono yako wewe. Hakimtulizi mhubiri anayepiga mimbara.

Kwa hiyo kama tatizo lako ni giza, dawa yake si urefu. Ile 50 ya 1.8, ikiwa imekwisha kutumika na mtu mwingine, mara nyingi bei yake haipiti dola 100. Tuliiandika pembeni ya kadasi.

Uwanja wa ndege

Sasa lazima niseme neno la pekee kwa sisi tunaokaa Bangboka. Uwanja wetu uko kilomita 17 hivi toka mji wa Kisangani. Kila mgeni mkubwa anashukia hapa. Kwaya zinakuja kuimba, akina mama wanatandika vitenge, na mpiga foto anaitwa. Kijana alifikiri: nikiwa na 300, nitasimama nje ya ukuta na kumkamata mgeni kwenye ngazi ya ndege.

Nikamwambia: mwanangu, usijaribu. Katika inchi yetu kupiga foto ya uwanja wa ndege bila ruhusa kunakuletea shida, na lenzi ndefu inaongeza shida ile mara tatu. Askari akiona simu, anapiga kelele. Akiona bomba nyeusi limeelekezwa upande wa ndege, anakuja. Mimi mwenyewe nimekwisha kukaa saa nne kwenye benchi, nikimngojea mtu mmoja asiyekuwa na haraka aamue kama kijana wa kanisa ni mpelelezi ao mwimbaji. Kadi ya foto haikurudi. Na ninyi wa pande za migodi mnanielewa vizuri kuliko wengine: kwenye malango ya kampuni na kwenye mashimo ya wachimbaji, watu wanaogopa foto inayopigwa toka mbali. Omba kwanza barua, onyesha barua, kisha sogea karibu na lenzi yako ndogo. Mtu anayekuja mbele na kusalimia, watu hawamdhanii mabaya.

Hapa ninakumbuka mama mmoja wa zamani ambaye vijana wetu wangepaswa kumjua. Alice Harris alikuwa mmisionari Mprotestanti toka Uingereza, akikaa na mume wake huko Baringa, katika jimbo linaloitwa leo Tshuapa. Ilikuwa wakati wa mpira mwekundu, wakati wa mfalme Leopold II. Katika mwezi wa tano wa mwaka 1904 mtu mmoja, jina lake Nsala, alifika misioni akibeba kitu kimefungwa katika majani. Ilikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama Harris alimwomba akae kwenye baraza, akapiga foto. Hakujificha nyuma ya mti. Alikuwa pale pale karibu naye, na Nsala alijua anapigwa foto na kwa sababu gani. Foto ile na zingine alizozipiga zilionyeshwa kwa taa kwenye ukuta, katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani. Watu waliona kwa macho yao yale ambayo walikuwa wanayakataa kwa masikio. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Si foto peke yake iliyofanya hivyo, wengi walisema na kuandika. Lakini foto ya Nsala ingali inaonekana hata leo, na ilipigwa na mtu aliyesimama karibu.

Siku ya posho hakuna wa kuazima

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote: "Sawa, lakini apareyi ya pili italala tu ndani ya mfuko. Ni pesa imelala. Zumu ningeitumia."

Ni kweli na si kweli. Kwanza, apareyi ya pili hailali. Mpiga foto wa arusi anavaa zote mbili: moja ina lenzi ya kukamata watu wengi, nyingine ina ile 50 ya uso. Bibi arusi analia, hakuna wakati wa kufungua lenzi moja na kutia nyingine. Mnisikilize hasa ninyi wa Kolwezi na Likasi, wenye vumbi nyekundu: kila mara unapobadilisha lenzi nje, vumbi linaingia ndani ya apareyi na kukaa mahali pale mwanga unapofikia, kisha kila foto inakuwa na madoa mbinguni. Kwetu vumbi ni kidogo, lakini unyevu ni mwingi. Vyote viwili havipendi mlango wazi.

Pili, tulifikiri hivi. Lenzi ndefu unaihitaji siku ngapi katika mwezi? Mbili, tatu. Siku zile unaweza kuiazima kwa mwenzako, kama apareyi zenu ni za aina moja, nawe umpe kitu. Lakini apareyi yako ikikufa siku ya posho saa 8, utaazima kwa nani? Wapiga foto wote wa Makiso, wa Mangobo, wa Kabondo, kila mmoja yuko kwenye arusi yake, apareyi yake shingoni. Siku unayoihitaji ndiyo siku ambayo kila mtu anaihitaji.

Hapo ndipo kijana alifunga kalamu.

Ninajua wengine watanipinga. Watasema lenzi inadumu kuliko apareyi, na hapo wana haki. Nikon wanashika mlango ule ule wa lenzi za F toka mwaka 1959, na lenzi za Canon EF zilianza mwaka 1987. Nyingi zingali zinatumika. Hata kwenye apareyi mpya zisizo na kioo, ambazo kampuni hizo mbili zinazitoa kwa milango mipya, lenzi za zamani zinaingia kwa kipande cha kuunganisha. Lakini apareyi inahesabiwa siku zake. Pazia lake linachoka: Nikon D7000 ya mwaka 2010, kwa mfano, ilijaribiwa na watengenezaji kwa mapigo 150,000, na nyingi za bei ndogo hazifiki hapo. Arusi moja inakula mapigo 1,000 bila wewe kujua. Mimi ninasema: kwa sababu apareyi inakufa, ndiyo maana zinatakiwa mbili.

Tulipokubaliana, alikaa majuma sita akitafuta. Wafanyabiashara wanaleta apareyi zilizotumika, na bei imeshuka kidogo kwa sababu watu wa Ulaya na Asia wanakimbilia hizo zisizo na kioo. Nilimwandikia mambo ya kuangalia. Batri iwe moja na ile ya kwanza, maana umeme wetu wa Tshopo unakuja na kuondoka, na mwenye batri nne zinazoingia popote ana amani. Canon 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D zote zinakula batri ya LP-E10. Nikon toka D3100 mpaka D3500 zinakula EN-EL14. Piga ukuta mweupe huku umefunga tundu mpaka 16, uone kama kuna madoa. Mulika lenzi kwa tochi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, usiipokee hata bure, itaambukiza nyingine ndani ya mfuko. Kwa Nikon, foto yenyewe inabeba ndani yake hesabu ya mapigo, uitie katika komputa uisome. Canon nyingi zinaficha hesabu ile, basi angalia mpira wa mkono na vitufe jinsi vilivyolika.

Alipata moja kwa dola 240, ya aina ile ile na yake. Dola 85 zikanunua ile 50 ya 1.8. Zilizobaki alinunua kopo la plastiki lenye mfuniko mgumu na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu. Neno moja dogo alilijifunza kwa shida: saa za apareyi mbili lazima zilingane. Arusi ya kwanza hakulinganisha, na alipopanga foto kwenye komputa, keki ilikatwa mbele ya kiapo.

Zumu? Kuna mwenzake ng'ambo ya mto, Lubunga, aliyeinunua na sasa haitumii sana. Siku moja ya juma wawili wale walikwenda kwa Wagenya, wakalipa wenyeji kile kinacholipwa, wakashikana lenzi ile kwa zamu toka asubuhi. Kijana akaniletea foto moja ya mvuvi. Ni nzuri. Lakini aliniambia nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo aliipiga kwa 50, ndani ya mtumbwi, wavuvi walipomwita aingie.

Mwezi uliopita yule bibi arusi alirudi kwetu na mtoto wake wa kwanza. Alitaka foto pamoja na mama yake, mjane wa mzee. Kijana hakukubali pesa. Aliwaweka karibu na dirisha, akavaa apareyi zote mbili shingoni, na kila foto akaipiga mara mbili.